Mgonjwa wa Moyo Ana Haki ya Kujua Chumvi za Damu Yake

(Maneno ya darasa la vijana, Ogwedhi, baada ya swala ya Isha. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili yenu mliokosa kufika.)

 

Vijana wenzangu, kabla sijaanza, hebu nyoosha mkono kama nyumbani kwenu kuna mtu anayemeza dawa za moyo. Usione haya. Na wewe utakayesoma haya kwenye simu, jihesabu pia. Haya, sasa bakisha mkono juu kama unajua potasiamu ya mtu huyo ilikuwa ngapi mara ya mwisho alipopimwa.

Mmeona? Mikono yote imeshuka.

Kwenye harakati hii tumezoea kuzungumzia vitambulisho, vijana kukamatwa, hijabu shuleni. Leo ndugu mmoja ameniuliza pale nje, "Sasa chumvi ya damu inahusiana nini na haki zetu?" Nitamjibu, lakini mniachie nianze na ng'ombe.

Wewe umekulia Ogwedhi. Migori inaishia hapa, na ng'ambo tu ni Trans Mara. Unawajua wachungaji wanaokuja sokoni. Hakuna mchungaji hata mmoja utakayemwambia ng'ombe hahitaji chumvi ya kulamba akakusikiliza. Anajua mnyama akikosa chumvi atakonda, maziwa yatapungua, ataanza kulamba udongo. Chumvi ya ng'ombe inajulikana. Ya mama yako haijulikani, na yeye ndiye anayemeza vidonge vinne kila asubuhi ambavyo vyote vinaichezea chumvi hiyo.

Damu si maji mekundu tu. Ndani yake kuna madini yaliyoyeyuka, na mawili ndiyo ya kushika leo: sodiamu na potasiamu. Sodiamu ya mtu mzima mwenye afya iko kati ya 135 na 145, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Potasiamu iko kati ya 3.5 na 5.0. Angalia hiyo ya pili jinsi uwanja wake ulivyo mdogo. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imefungiwa ndani ya chembe za mwili, na hiyo kidogo inayoelea kwenye damu ndiyo inayosaidia kuongoza umeme wa moyo. Ikipanda kidogo au ikishuka kidogo, mapigo yanaweza kuvurugika.

Sasa, moyo kushindwa kufanya kazi. Watu wakisikia hivyo wanafikiri moyo umesimama. La. Unapiga, lakini hausukumi damu ya kutosha. Mgonjwa wake unamjua: miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Usiku hawezi kulala chali, anataka mito mitatu. Kutoka mlangoni hadi chooni anatweta. Na usidhani ni maradhi ya wazee tu. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Huyo ni mtu ambaye bado ana watoto wa kusomesha. Chanzo kikubwa kilikuwa presha. Na ndani ya siku 180, karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Kuna na wadogo zaidi: dada aliyejifungua tu na moyo ukadhoofika, au kijana ambaye vilango vya moyo viliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyajali.

Moyo ukisukuma damu kidogo, figo zinadanganyika. Zinaona damu inayozifikia ni chache, zinadhani mwili umekauka, kama mtu aliyeharisha siku nzima. Basi zinaanza kuzuia chumvi na maji. Ubongo nao unatoa homoni ya kubana maji, na kiu inaongezeka. Mwishowe maji yanabaki mengi kuliko chumvi. Chukua sufuria ya mchuzi uliokolea vizuri, mwaga jagi la maji ndani. Chumvi haijatoka hata punje, lakini onja: mchuzi umekuwa dufu. Hivyo ndivyo sodiamu inavyoshuka kwa wagonjwa wengi wa moyo.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili linafanyika majumbani. Familia inaambiwa "sodiamu ya mama iko chini", wanarudi nyumbani wanamwongezea chumvi kwenye ugali wake. Wallahi wana nia njema. Lakini chumvi ile inavuta maji zaidi, na baada ya siku mbili mama anashindwa kupumua. Sufuria ina maji mengi, ndugu yangu. Mara nyingi kinachotakiwa ni kupunguza maji na kuusaidia moyo, na daktari ndiye anayeamua kwa namna gani. Nasema daktari kwa sababu kuna mgonjwa mwingine ambaye sodiamu yake imeshuka kwa kupoteza kweli: dawa ya maji imezidi, au ametapika na kuharisha. Wawili hawa wanaweza kuwa na nambari ile ile, 126 na 126, mmoja amejaa maji na mwingine amekauka. Matibabu yao yanapishana kabisa. Karatasi peke yake haitoshi, lazima mtu amwangalie mgonjwa.

Lakini karatasi inasema jambo moja kubwa. Huko Marekani waliangalia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 48,000 waliolazwa kwa moyo kushindwa. Karibu mmoja katika watano alikuwa na sodiamu ya chini tangu siku ya kulazwa. Na kila sodiamu ilipokuwa pungufu kwa 3 chini ya 140, hatari ya kufia wodini ilipanda kwa karibu asilimia 20. Yaani nambari hii inakuonyesha mapema nani yuko hatarini zaidi. Mgonjwa wa 139 na mgonjwa wa 128 wamelala vitanda jirani, wanatweta sawa, lakini hawako safari moja.

Je, ukiipandisha sodiamu kwa dawa, mgonjwa anapona? Walijaribu. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya dawa iitwayo tolvaptani kwa wagonjwa zaidi ya 4,000. Kwa waliokuwa na sodiamu ya chini, ilipanda kweli. Vifo havikupungua. Sodiamu ya chini ni kama moshi: ukiupepea moshi, moto bado unawaka ndani. Faida ya kuiona ni kwamba unajua nyumba ipi inaungua, unamharakisha mgonjwa kwa mwenye ujuzi, unaangalia dawa zake upya, humruhusu arudi nyumbani mapema.

Na kuna dalili ambayo sisi tunaikosea. Sodiamu ikishuka sana, mtu anaanza kuchanganyikiwa. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita marehemu, anasinzia mchana kutwa. Sisi tutasema majini, jirani yetu Mjaluo atasema chira. Msomee ruqya, sikukatazi, ni sunna. Lakini msomee mkiwa njiani kwenda hospitali.

Potasiamu ni kesi tofauti. Hii yenyewe inaua, na inaua bila kubisha hodi. Mtu anaweza kuwa na potasiamu ya 6.5 na bado anakunywa chai na kucheka na wajukuu, kisha moyo unapoteza mpigo. Watu wanasema "alianguka tu ghafla, alikuwa mzima". Na mara nyingi kilichoipandisha au kuishusha ni dawa tulizompa sisi wenyewe.

Lasix, ile mnayoiita dawa ya maji, inatoa maji na inatoa potasiamu pamoja nayo. Ikishuka, moyo unaweza kurukaruka, na kama mgonjwa anameza digoksini, sumu ya digoksini inamkamata upesi zaidi. Mara nyingi magnesiamu nayo imeshuka, na mpaka hiyo irekebishwe potasiamu haikubali kupanda. Upande wa pili kuna spironolaktoni, enalaprili na losatani. Hizi zinaizuia potasiamu isitoke. Usinielewe vibaya: ni dawa nzuri sana. Mwaka 1999 utafiti wa RALES ulionyesha spironolaktoni inapunguza vifo vya wagonjwa waliozidiwa kwa asilimia 30. Mtu asitoke hapa akaenda kumwagia mama yake dawa chooni.

Lakini sikia kilichotokea jimbo la Ontario, Kanada. Baada ya habari ile ya RALES, madaktari waliandika spironolaktoni kwa wingi, na si kila mgonjwa alikuwa anapimwa inavyotakiwa. Mwaka 1994, kwa kila wagonjwa 1,000 wa moyo waliokuwa wakimeza dawa za aina ya enalaprili, wawili na kitu walilazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda. Kufikia 2001 walikuwa 11. Hiyo ni Kanada, yenye maabara kila mtaa. Sasa jiulize hapa kwetu, ambapo mgonjwa anapewa dawa za miezi mitatu na kuambiwa arudi zikiisha.

Dawa hii ina ratiba yake ya kupima: kabla ya kuanza, tena baada ya wiki 1, tena baada ya wiki 4, kisha kila baada ya miezi michache, pamoja na kipimo cha figo. Potasiamu ikiwa tayari imepita 5.0 kwa kawaida haianzishwi. Ikipita 5.5 dozi inapunguzwa, ikipita 6.0 inasimamishwa na mgonjwa anashughulikiwa haraka. Hii si siri ya madaktari. Unaweza kuuliza.

Halafu kuna vitu ambavyo daktari havijui kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mama anaumwa magoti, anapita kemisti, anachomwa sindano ya diklofenaki au ananunua Brufen. Hizo zinabana maji, zinachosha figo, zinapandisha potasiamu. Au anameza Septrin. Hapa Migori na Homa Bay, watu wengi wamepewa Septrin ya kila siku kwa miaka kwa sababu ya virusi, na hakuna aibu katika hilo. Lakini Septrin nayo inapandisha potasiamu, na ikikutana na spironolaktoni au enalaprili kwa mtu mwenye figo dhaifu, ni mchanganyiko wa hatari. Mara nyingi kliniki mbili zinamtibu mtu mmoja na hazisomi kadi za mwenzake. Wewe ndiye utakayezikutanisha, kwa kubeba dawa zote kwenye mfuko mmoja na kuzimwaga mezani mbele ya daktari. Zote. Hata zile za mzee wa mitishamba.

Jikoni pia. Apoth, osuga, dek, tunazilainisha kwa magadi. Magadi yana sodiamu. Mama ameambiwa aache chumvi, ameacha kweli, maskini, na magadi yanaingia kila jioni. Wengine wanatumia maji ya jivu. Jivu la mimea lina potasiamu nyingi. Na ile chumvi ya supamaketi inayouzwa kwa watu wa presha, soma pakiti: mara nyingi wamepunguza sodiamu wakaweka potasiamu mahali pake. Kwa mwenye presha na figo nzima ni sawa. Kwa anayemeza spironolaktoni, muulize daktari kwanza.

Nije kwenye Ramadhani, maana hapo tunapotezana kila mwaka. Mgonjwa wa moyo anafunga kwa siri. Dawa ya asubuhi anaisukuma hadi usiku bila kumwambia mtu, au anameza Lasix wakati wa daku halafu anashinda bila tone la maji. Figo zinakauka, potasiamu inapanda. Kisha Magharibi anafungua kwa tende sahani nzima, ndizi, juisi ya parachichi, vyote vyenye potasiamu ya kutosha. Tende tatu ni neema. Sahani nzima kwa mtu ambaye jana alikuwa 5.6 ni jambo jingine. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Atalipa akipona, na asiyetarajiwa kupona ana fidya ya kulisha maskini. Kuna watoto wanaona fahari mama yao mgonjwa akifunga. Mimi naona tunamnyima zawadi ambayo Mola wake amempa. Mpeleke kwa daktari mwezi wa Shaabani, apimwe, aulize kama anaweza kufunga na dawa zipangwe vipi, kisha umwone imamu na jibu hilo mkononi.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa pale nje. Inahusiana nini na haki?

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, vipimo vilivyopo na matibabu yake, kwa lugha anayoelewa. Kwa hiyo mama yako akiambiwa "damu iko sawa, nenda", hajapewa haki yake. Haki yake ni nambari, na maana ya nambari. Kipimo hicho maabara zetu wanakiandika UEC. Likariri neno hilo. Ukiingia sema: "Naomba kujua UEC yake ilikuwa ngapi, na ya mwisho ilipimwa lini." Kwa adabu, bila kelele. Muuguzi anayewahudumia watu themanini kwa siku si adui yako. Piga picha karatasi, andika tarehe kwenye daftari. Nambari moja inasema kidogo; tatu mfululizo zinaonyesha mtu anakoelekea.

Na uliza damu itapimwa wapi. Kama mashine haipo hapo na damu inabebwa kwa bodaboda hadi mji mwingine kwenye joto, chembe zinapasuka njiani, potasiamu iliyokuwa ndani inamwagika, na karatasi inakuja na 6.2 ya uongo. Jibu la ajabu kwa mtu ambaye hali yake haijabadilika hurudiwa haraka kabla ya kuaminiwa, na kama kuna mashine ya ECG, moyo uangaliwe wakati mnasubiri.

Utaambiwa mashine ipo lakini kemikali zake zimeisha. Wengi wetu tunaondoka hapo. Usiondoke na swali lako. Afya ni kazi ya kaunti tangu Katiba ile. Na kuna sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya, inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazokusanya na kuzitumia zenyewe. Kwa hiyo kemikali za mashine si lazima zisubiri Nairobi. Vituo vina kamati, na bajeti ya kaunti ina vikao vya wananchi. Vikao hivyo sisi hatuendi. Tunakwenda kwenye maandamano tu. Nenda na swali moja lililoandikwa: ni siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita kipimo cha UEC hakikupatikana?

Halafu kuna kitambulisho, na hapa mnaona tumerudi nyumbani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko SHA, na usajili wa mtu mzima unaanza na kitambulisho. Mnajua wazee wetu Wanubi, Wasomali, na watu wa Pwani walivyozungushwa miaka na miaka, waulizwe babu wa babu yao alizaliwa wapi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema wazi kwamba Wanubi wa Kenya walibaguliwa. Februari 2025 Rais Ruto akatangaza kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Tangazo ni tangazo. Mzee ambaye hadi leo hana kadi hayumo kwenye SHA, na asiyekuwemo analipia kulazwa kwake mfukoni, na asiye na pesa mfukoni harudi kupima potasiamu wiki ya 4. Hapo ndipo ubaguzi wa ofisi ya chifu unapoingia kwenye moyo wa mtu.

Ijumaa ijayo baada ya swala tutakaa hapa hapa barazani. Njoo na mgonjwa wako akiweza kutembea. Asipoweza, njoo na mfuko wake wa dawa, kadi ya kliniki, karatasi yoyote ya maabara hata kama imechakaa, na kitambulisho chake. Aliyekosa kitambulisho aje na cheti cha kuzaliwa au kadi ya mzazi. Mwenye kuvimba zaidi tangu wiki iliyopita, anayechanganyikiwa, au ambaye moyo unarukaruka na miguu imelegea, huyo asingoje Ijumaa. Huyo aende usiku huu.

Maswali sasa. Tuanze na akina dada huko nyuma.